Moto wa mlimani ni habari ya barabarani

Kila kiangazi, moshi unapoonekana juu ya milima ya ukanda huu, watu huona kuwa ni shauri la askari wa hifadhi na waongoza watalii. Mfanyabiashara anayepakia chumvi ya Katwe kuelekea Kasindi, au anayesubiri mzigo wake kutoka Beni, huutazama moshi huo mara moja kisha huendelea kuhesabu magunia. Moto uko juu, yeye yuko chini. Siku chache baadaye inatangazwa kwamba moto umedhibitiwa, na habari inakufa.

Hapo ndipo hesabu inapoharibika. Kwa anayeishi na kufanya biashara chini ya mlima, hatari ya moto haiishi siku unapozimwa. Inaanza upya siku mvua kubwa ya kwanza inapopiga mteremko ulioungua. Mvua ambayo kabla ya moto ingeupandisha mto kidogo tu, baada ya moto inaweza kushusha maji, majivu, magogo na mawe yenye ukubwa wa gari, na kuvifikisha barabarani na sokoni kabla watu hawajaulizana ile kelele ni ya nini.

Kasese inalijua jambo hili kwa gharama kubwa. Mwaka 2012 moto uliunguza sehemu za juu za bonde la Mto Nyamwamba, katika Milima ya Rwenzori upande wa Uganda. Tarehe 1 Mei 2013, katikati ya msimu wa mvua, mto huo ulishuka kwa kishindo kupitia Kilembe, mji wa zamani wa machimbo ya shaba, hadi Kasese mjini. Watu walipoteza maisha. Maelfu walibaki bila makazi. Madaraja yalivunjika, nyumba na shule ziliharibiwa, na hospitali ya Kilembe ilivamiwa na maji na tope.

Watafiti waliolichunguza tukio hilo na kuchapisha matokeo yao mwaka 2016 hawakutaja chanzo kimoja. Walitaja mambo matatu yaliyokutana: mvua nyingi, maporomoko ya ardhi yaliyoongeza mawe na udongo mtoni, na moto uliokuwa umeunguza karibu asilimia 18 ya eneo lote linalomwaga maji yake katika mto huo. Hesabu hiyo inastahili kutazamwa vizuri. Mlima wote haukuungua, wala nusu yake. Iliungua sehemu isiyofika moja ya tano, tena ile ya juu ambako hakuna duka, hakuna ghala wala kituo cha mafuta. Moto wenyewe ulikuwa umezimika tangu mwaka uliotangulia. Lakini waliolipa ni watu wa chini.

Sababu yake si fumbo. Mlima wenye majani na miti hupokea mvua polepole. Majani huvunja nguvu ya matone. Majani makavu yaliyoanguka, mboji na mizizi hunywa maji na kuyaachia kidogo kidogo. Juu kabisa ya Rwenzori, ile mimea laini inayofunika mawe na vigogo hushika maji kama godoro lililolowa. Moto ukipita, godoro hilo linaondoka. Matone yanapiga udongo mtupu. Majivu laini yanaziba vitundu vya ardhi. Tena katika baadhi ya udongo, mafuta na nta za mimea iliyoungua hugeuka mvuke, huzama kidogo ardhini, kisha hupoa na kufanya tabaka linalokataa maji. Mvua inayoangukia ardhi ya namna hiyo ni kama mvua inayoangukia turubai la lori: haiingii, inateremka yote.

Maji yakiteremka yote kwa wakati mmoja, hayabaki maji. Yanakwangua majivu, yanabeba udongo ambao hauna tena mizizi ya kuushika, yanang'oa mawe yaliyolala korongoni kwa miaka mingi. Kadiri yanavyoshuka ndivyo yanavyozidi kuwa mazito, mpaka yanafanana na zege bichi. Tope la namna hiyo lina nguvu ambayo maji matupu hayana. Linaweza kubeba jiwe kubwa na kulisukuma mbele kama kichwa cha nyundo. Likifika kwenye daraja, magogo na mawe huziba nafasi ya chini, tope linapanda juu, na daraja lililojengwa kupitisha maji linageuka ukuta. Kisha ama daraja linavunjika, ama mto unatafuta njia nyingine, na njia hiyo mara nyingi ni barabara na mtaa wa maduka.

Mahali ambapo jambo hili limepimwa kwa makini zaidi ni kusini mwa jimbo la California, Marekani, ambako milima iliyosimama wima inatazamana na miji yenye watu wengi. Tarehe 4 Desemba 2017 ulianza huko moto ulioitwa Thomas, ukaunguza zaidi ya hekta 110,000. Alfajiri ya tarehe 9 Januari 2018, kabla hata moto huo haujatangazwa kuwa umedhibitiwa kikamilifu, mvua kali ilipiga milima iliyo juu ya mji wa Montecito. Kipimo kimoja kilionyesha kama milimita 13 kwa dakika 5. Tope na mawe yalishuka kwenye makorongo na kuingia mitaani watu wakiwa wamelala. Watu 23 walikufa au hawakuonekana tena.

Kuna mambo mawili katika msiba huo yanayomhusu moja kwa moja mtu wa biashara. La kwanza ni barabara. Njia kuu ya pwani, inayobeba malori na abiria wa eneo lile, ilijaa tope na kufungwa kwa karibu wiki mbili. Hiyo ni nchi yenye mitambo ya kila aina na fedha za dharura. Kila mmoja apige hesabu mwenyewe: daraja likiondoka kwenye njia ya kwenda mpakani kwetu, ambako kifusi huondolewa kwa mashine moja iliyoazimwa wilaya ya jirani, nyanya zitangoja siku ngapi?

La pili ni mstari wa ramani. Kabla ya mvua ile, amri ya lazima ya kuhama ilitolewa kwa waliokuwa upande wa juu wa barabara fulani. Waliokuwa chini ya barabara hiyo waliambiwa kuhama ni hiari yao. Tope lilipofika kwenye barabara hiyo halikusimama kusoma tangazo. Lilivuka, na wengi waliopoteza maisha walikuwa upande wa hiari. Kwa watu wanaoishi na mipaka kila siku, fundisho lake ni wazi. Mpaka huzuia gari lisilo na karatasi. Korongo hauuzuii mlima kulishusha.

Wamarekani walianza kujifunza zamani. Mwezi Novemba 1933 moto uliunguza milima iliyo juu ya bonde la La Crescenta, karibu na Los Angeles. Usiku wa kuamkia Mwaka Mpya wa 1934 mvua ikashusha tope lililoua watu wasiopungua 40. Baada ya hapo walijenga mabwawa ya kunasia tope na mawe kwenye midomo ya makorongo, na leo eneo hilo lina zaidi ya 100. Siku hizi, moto mkubwa ukidhibitiwa kwenye misitu ya serikali kuu, kikosi cha wataalamu hupanda mlimani na kutoa ripoti ya kwanza ndani ya siku 7: wapi pameungua sana, korongo lipi ni hatari, daraja lipi liko njiani. Wataalamu wa jiolojia nao hutoa ramani ya miteremko inayoweza kuporomoka na kiasi cha mvua kinachotosha kuleta balaa. Kiasi hicho ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Huko kusini mwa California, milimita 7 tu kwa nusu saa zimewahi kutosha.

Si kila tope linaloshuka mlimani limeletwa na moto, na si haki kuubebesha moto kila msiba. Maporomoko yaliyoupiga mji wa Katesh chini ya Mlima Hanang, Tanzania, Desemba 2023, na yale yaliyoua watu zaidi ya 130 magharibi na kaskazini mwa Rwanda mwezi Mei mwaka huohuo, yalitokana na mvua kubwa juu ya milima yenye miteremko mikali. Rwenzori yenyewe ina miteremko mikali, ina matetemeko, na ina mito iliyofurika tena baada ya 2013. Mwezi Mei 2020 Nyamwamba ilipasua kingo pamoja na mito mingine ya wilaya hiyo, ukiwemo Lhubiriha ulioko mpakani kabisa, na hospitali ya Kilembe ililazimika kuhamisha wagonjwa. Hakuna haja ya kusingizia moto katika yote hayo.

Lakini moto ni deni linaloongezwa juu ya madeni mengine. Mlima ambao tayari ni mkali na wenye mvua nyingi, ukiungua, unahitaji mvua ndogo zaidi kuleta hasara kubwa zaidi. Na mawe yakishashuka hayarudi. Hulala mtoni, huinua kitanda cha mto, na mvua ya miaka inayofuata hukuta mkondo umejaa. Hiyo ndiyo sababu moto mmoja unaweza kuusumbua mji kwa muda mrefu kuliko majivu yake yanavyodumu.

Hali hii haiko Rwenzori peke yake. Mwezi Oktoba 2020 moto uliunguza kilomita za mraba 95.5 za Kilimanjaro, mlima ambao chini yake kuna njia za Holili na Taveta na soko la Tarakea. Mlima Elgon umekaa katikati ya Uganda na Kenya, na wanaovuka Suam na Lwakhakha wanapita kwenye miguu yake. Milima yetu mikubwa imegeuka nguzo za mipaka, na masoko ya mipakani yamejengwa pale mito inapotoka mlimani, kwa sababu hapo ndipo penye maji, tambarare na barabara. Ni mahali pazuri pa biashara. Pia ni mahali ambapo tope huja kupumzika.

Anayeumia zaidi ni mwenye mtaji mdogo. Kampuni kubwa lori lake likikwama lina bima, na mzigo unaweza kuzungushwa njia nyingine. Mama anayevusha samaki, maharage au vitenge kwa mkopo wa kikundi hana njia nyingine. Samaki wakioza, mkopo hauozi. Ghala la kukodi kando ya mto likiingiwa na tope, mwenye ghala anapoteza kuta na yeye anapoteza miaka. Upande wa pili wa mpaka, duka la Kasindi au Butembo linapandisha bei siku hiyohiyo daraja la Kasese linapoondoka, na mlaji asiyejua hata kwamba kulikuwa na moto analipia moto huo kwenye kilo ya chumvi.

Ukanda huu umejifunza kurahisisha mambo mengi ya mpakani. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo ilijiunga nayo mwaka 2022, ina utaratibu wa cheti rahisi kwa bidhaa za eneo hili zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ili mfanyabiashara mdogo asizungushwe na makaratasi. Ni jambo jema. Lakini gunia la kahawa linapovuka na cheti chake, taarifa kwamba bonde fulani limeungua na mvua zinakuja haina cheti wala njia. Askari wa hifadhi anaijua. Mhandisi wa barabara hajaambiwa. Ofisa wa forodha hajaisikia. Dereva ndiye anayeigundua usiku, akiwa katikati ya daraja.

Kinachohitajika kwanza hakina gharama ya kutisha. Moto wowote mkubwa ukizimwa, mamlaka ya hifadhi ichore mara moja eneo lililoungua na mito inayoanzia hapo, na ramani hiyo ifike kwa wakala wa barabara, halmashauri za wilaya na nchi jirani kabla msimu wa mvua haujaanza. Rwenzori ina hifadhi upande wa Uganda na Virunga upande wa Kongo, na tayari kuna ushirikiano wa hifadhi kati ya nchi hizo mbili na Rwanda. Ushirikiano unaoweza kufuatilia sokwe wanaovuka mpaka unaweza kufuatilia pia mteremko ulioungua.

Pili, kila kituo cha mpakani kilicho chini ya mlima kiwe na ubao wa hali ya njia, unaoandikwa upya kila asubuhi ya msimu wa mvua: bonde lililoungua, mto wa kuangaliwa, daraja lisilofaa kuvukwa usiku. Uandikwe kwa Kiswahili na kusomwa redioni kwa lugha za pale. Wakonzo wa Kasese na Wanande wa Beni na Butembo wanaelewana bila mkalimani, na onyo linalotolewa upande mmoja litasikika upande wa pili kama likitangazwa.

Tatu, wawepo watu wa kupima mvua huko juu wenye simu na mamlaka ya kupiga kengele. Mvua ya mlimani huweza kunyesha huku sokoni jua likiwaka, na mita moja ya mvua iliyowekwa mahali pake yaweza kununua nusu saa. Nusu saa inatosha kuondoa watu kwenye kivuko. Nne, makalavati na nafasi za chini ya madaraja zisafishwe kabla ya Machi na kabla ya Septemba, si baada ya msiba. Na tano, anayetoa kibali cha kujenga ghala au vibanda kwenye mdomo wa korongo aulizwe ni nani aliyempa haki ya kuuza njia ya mto.

Wapo watakaosema kwamba maonyo mengi yatakuwa ya bure, kwamba barabara itafungwa na mvua isije, na wafanyabiashara watakasirika. Ni kweli, mara nyingine itakuwa hivyo. Lakini nusu siku iliyopotea kwa tahadhari hurudishwa wiki hiyohiyo. Mzigo uliozikwa hauwezi kurudishwa, na dereva hana mbadala. Muhimu ni onyo liwe la wazi na la muda maalumu, lieleze sababu, na liondolewe mara hatari inapopita. Watu huchoshwa na maonyo yasiyo na maelezo kuliko maonyo yasiyotimia.

Mfanyabiashara naye asingoje serikali peke yake. Akisikia mlima umeungua, aandike kwenye daftari lake kama anavyoandika bei: mlima gani, mto gani, mwezi gani. Kipindi cha hatari kubwa ni miaka miwili ya kwanza baada ya moto, yaani misimu ya mvua isiyopungua minne kwa maeneo yenye masika na vuli. Katika kipindi hicho asilaze lori kando ya mto wala chini ya korongo, hata kama hapo ndipo kuna chakula na kelele za kumpa moyo. Asiweke mzigo wote kwenye ghala moja la bondeni. Vikundi vya mikopo vijiwekee akiba ya siku ambazo njia itafungwa, kwa sababu siku hizo zinajulikana msimu wake hata kama tarehe haijulikani.

Na dalili zake zifahamike kwa wote, kuanzia msaidizi wa dereva hadi mwenye kibanda cha chai. Mto uliokuwa umejaa ukipungua ghafla wakati mvua bado inanyesha, si heri: huenda umezibwa huko juu na utaachiwa kwa mkupuo. Maji yakigeuka meusi kwa majivu na kubeba matawi mapya, yakisikika mawe yakigongana, au ardhi ikitetemeka kama lori zito linapita, hakuna tena muda wa kuokoa mzigo. Kukimbia kufuata bonde ni kushindana na kitu kinachokimbia kuliko mtu. Njia ni kupanda pembeni, mbali na mkondo. Na tope la kwanza likipita watu wasirudi mtoni haraka, kwa kuwa mara nyingi huja kwa mawimbi.

Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. California imenyolewa zaidi ya mara moja, na Kasese imenyolewa hapa hapa nyumbani. Moshi utaonekana tena juu ya mlima kiangazi kijacho. Atakayeuliza siku hiyo mto gani unaanzia pale atakuwa ameanza kulinda mtaji wake, na pengine maisha ya dereva wake, kabla tone la kwanza halijaanguka.